Ukurasa wa Saba

Nyeri, Jumatano, saa nane mchana

Nyokabi, Maitũ,

Sikusalimu, maana tumesalimiana asubuhi na sasa uko mjini unasukwa nywele za kwenda nazo Ujerumani. Mama yako anasema kichwa hicho kitachukua saa nne. Zinanitosha. Nimefunga karakana, nimemwambia mwenye makochi ya kijani arudi Ijumaa, na nimekaa hapa sebuleni na kalamu kama mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Mambo ya sweta, dawa, paspoti na kupiga simu ukifika sitayagusa. Mama yako amekuandikia karatasi mbili, mbele na nyuma, na nyingine ameibandika ndani ya kifuniko cha sanduku. Mimi nataka kukuambia habari za baba mkubwa wako, Gathogo. Najua umechoka na jina hilo. Umelisikia kwangu tangu ukiwa na miaka tisa, na sijawahi kulitaja bila kulitafuna kwanza.

Jumapili ulikuwa jikoni na mama yako, nami nilikuwa nyuma ya mlango navua viatu. Nilikusikia ukisema, "Mimi siendi kukaa kwa huyo mtu. Afadhali nikae na wale wasichana wa WhatsApp. Mtu anadanganya ndugu yake kwa game, ati atashindwa kunidanganya mimi?" Mama yako akakuuliza hao wasichana ni wangapi kwenye chumba kimoja. Ukasema, "Tutakuwa sita, lakini ni sawa tu." Gathogo ana chumba kitupu, chenye kitanda na dirisha, dakika kumi kwa basi kutoka hospitali utakayosomea uuguzi. Amesema ukae bure mpaka usimame kwa miguu yako. Umekikataa chumba hicho kwa ajili yangu. Nilirudi karakana nikapigilia misumari mahali pasipohitaji misumari.

Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika katikati utakosa pa maana.

Ile Krismasi ya Kiriaini unaikumbuka, lakini unaikumbuka kwa mdomo wangu. Nitaisimulia upya, safari hii bila chumvi.

Gathogo alikuwa hajaja nyumbani kwa miaka sita. Alikuja amevaa koti la ngozi jeusi, akakaa nalo jikoni karibu na moto, jasho likimtoka, hataki kulivua. Katika nyumba yenye ng'ombe wawili wa maziwa aliomba chai ya rangi. "Kwetu kule hatuweki maziwa," alisema. Kwetu kule! Na mama yangu, cucu yako uliyepewa jina lake, alimwonea fahari hata kwa hilo. Aliwaambia majirani kwamba mwanawe anakunywa chai kama daktari.

Siku moja kabla ya Krismasi, baada ya chakula cha mchana, akatoa kile kisanduku. Mchezo wenyewe unafanana na ludo yetu: kete nne kila mtu, dadu moja, unazunguka ubao mpaka uingize zako zote nyumbani. Tofauti ni kwamba kete zilikuwa za mbao, nzuri, nzito mkononi, na kulikuwa na kijitabu cha sheria chenye kurasa kumi na mbili, Kijerumani kitupu. Aliyekijua Kijerumani ni yeye peke yake. Kwa hiyo alikuwa mchezaji, na refa, na kitabu chenyewe.

Alitufundisha maneno. Kabla ya kurusha unasema "Ich bin dran," zamu yangu. Ukimpa mwenzako dadu unamwambia "Du bist dran," zamu yako. Na ukiifikia kete ya mtu unaipiga, unaitoa ubaoni irudi mwanzo, na lazima useme kwa sauti "Raus!" Nilimwuliza maana yake. Akasema, "Toka. Toka nje." Tulikubaliana kwamba atakayeshinda ndiye atakayekata nyama ya mbuzi kesho yake na kumgawia kila mtu.

Tulicheza wanne: yeye nyekundu, mimi bluu, wewe kijani, cucu manjano. Mimi, unajua, kwa drafti ya vifuniko vya soda naogopwa mpaka stendi. Nilikuwa na kete mbili nyumbani na mbili ubaoni, moja yao ikiwa karibu kabisa kuingia. Nikapata tatu. Hiyo tatu ingeipeleka ile kete yangu ya mbele moja kwa moja juu ya kete ya manjano ya cucu. Cucu alikuwa amehangaika nayo tangu mwanzo, anaifuata kwa kidole, anaibembeleza kama kifaranga. Nikaiangalia. Nikamwangalia yeye. Sebule imejaa wajukuu na majirani, na mimi nitamke nini? Nimwambie mama yangu "Toka nje" ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Nikaiacha. Nikasogeza kete yangu nyingine hatua tatu, nikampa dadu.

 Gathogo alichukua kijitabu, akalamba kidole, akafungua, akasoma kwa Kijerumani kwa sauti ya padri. Kisha akasema, "Ati umeweza kupiga na hujapiga? Hii kitabu inasema lazima upige. Usipopiga, hiyo kete yako inarudi mwanzo."

Nikamwambia, "Hiyo umetunga sasa hivi."

"Nimetunga? Haya, chukua, soma." Akaninyooshea kijitabu, akijua vizuri kwamba siwezi. Nilipokiangalia tu bila kukishika, akainua kete yangu ya mbele, akasema "Raus!" na kuitupa mwanzo, mpaka ikaviringika chini ya kiti. "Karanja, soma kwanza. Soma, ndio ucheze."

Sebule nzima ilicheka. Cucu naye alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwani. Mtu niliyemhurumia ndiye aliyecheka kuliko wote. Kesho yake Gathogo alikata nyama, nami nikapewa kipande cha shingo.

Kwa mtu mwingine maneno "soma kwanza" yangekuwa utani wa Krismasi. Lakini mimi niliacha shule kidato cha pili, na sikuacha kwa ujinga. Nilikuwa wa tatu darasani. Mwaka huo majani chai yalileta karo ya mtoto mmoja tu, na babu yako akasema kifungua mimba ndiye amalize. Gathogo akamaliza. Mimi nikapelekwa hapa Nyeri kujifunza kushona makochi. Sikumlaumu, alikuwa mtoto kama mimi. Lakini mtu aliyesoma kwa nafasi yangu asiniambie mbele ya mama yangu kwamba sikusoma. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi sijapoa hata leo, na sitajifanya nimepoa kwa sababu unasafiri.

Aliporudi Ujerumani aliacha kisanduku. Nilikichukua mimi, na si kwa kuupenda mchezo. Nilitaka kumkamata. Nilinunua kamusi kuukuu kwa muuza vitabu wa karibu na soko, nikaanza ukurasa wa kwanza, neno moja baada ya jingine, jioni baada ya kazi. Ulikuja ukakaa kando yangu na daftari lako la hesabu, ukauliza, "Baba, unafanya homework?" Nikakuambia ndiyo. Hivyo ndivyo Kijerumani kilivyoingia katika nyumba hii. Watu wa kanisani wanaponisifu ati baba aliyeona mbali, mimi hunyamaza. Nilikuwa naona karibu tu, nikiona uso wa mtu mmoja.

Neno la kwanza nililolipenda lilikuwa schummeln, kudanganya mchezoni. Nililiandika kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa cha kochi nikakitundika juu ya cherehani. Wewe ulipenda "Das gilt nicht!" yaani hiyo haihesabiki, ukawa unamwambia mama yako kila alipokutuma dukani. Dadu ikianguka chini, das gilt nicht. Mvua ikizima stima katikati ya mchezo, das gilt nicht.

Halafu kukatokea jambo ambalo sikulipanga. Nikanogewa. Unazikumbuka Jumamosi za Kerugoya, kwa Mwalimu Wambura, aliyefundisha Kijerumani vijana wanaotaka kwenda kazi huko? Alikuwa na rafu nzima ya michezo ya mezani na kanuni moja tu: mezani kwake hakuna kuongea lugha nyingine, hata kama ni kuomba chumvi. Nilikuwa mzee peke yangu pale, na mikono yangu inanuka gundi. Nilipenda ile harufu ya kisanduku kikifunguliwa. Nilipenda mlio wa dadu ndani ya kikombe cha mbao, na watu wazima kubishana nusu saa juu ya sheria moja bila mtu kutukanwa. Siku za mvua wateja hawaji, tukafunika meza ya kukatia vitambaa kwa blanketi tukacheza sisi wawili, maji yakipiga mabati mpaka tunapigiana kelele: "Wer ist dran?" Zamu ya nani? Zile ndizo siku zangu bora kama baba. Ndiyo maana kilichofuata kinaniuma hivi.

Lakini kwanza nikuambie aibu nyingine, ndogo, ambayo hata mama yako haijui. Mwaka juzi mama mmoja Mjerumani aliyekuwa akiishi upande wa Mweiga aliniletea viti vyake vinne nivibadilishe kitambaa. Nikaona leo nitajionyesha. Nikamkaribisha kiti, nikamwambia "Du bist dran." Akacheka kidogo, akakaa. Tukaanza kuongea, mimi nikishika neno hapa na neno pale, na akanieleza jambo kwa sauti ya chini akishika kimoja cha vile viti. Nikasikia neno mume, nikasikia kitu kama kupoteza. Nikadhani mume wake amepoteza mchezo, au funguo. Nikamjibu kwa furaha lile neno tunaloambiana dadu ikikataa: "Pech gehabt!" Yaani, bahati mbaya yako, shauri yako.

Mume wake alikuwa amekufa mwezi huo. Kile kilikuwa kiti chake.

Hakunikasirikia. Alinieleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, nami nikatamani sakafu inimeze. Jumamosi iliyofuata nilimwuliza Mwalimu Wambura jinsi Wajerumani wanavyosema pole. Akanifundisha: "Es tut mir leid." Alishangaa kwamba miaka yote ile sikuwahi kuuliza. Lugha yangu mimi ilijua kushinda, kushindwa na kufukuza mtu. Pole haikuwamo, kwa sababu sikuwa nimejifunza kwa ajili ya kumpa mtu pole.

Haya. Sasa lile lenyewe.

Mwezi wa nane wa kutafsiri nilifika ukurasa wa saba. Mama yako alikuwa amekutuma maziwa. Sentensi ya nne kutoka juu. Niliitafuta kwenye kamusi neno kwa neno, kisha nikarudia, nikitumaini kamusi imekosea. Haikukosea. Imeandikwa hivi: anayeweza kupiga lazima apige, na asipopiga kete yake inarudi mwanzo.

Gathogo hakutunga kitu. Alisoma kilichoandikwa.

Na unajua kichekesho? Sheria hiyo naijua tangu nikiwa mtoto. Kwenye drafti yangu mwenyewe, mtu akisahau kula namnyang'anya kete yake papo hapo, na nimewafanyia hivyo mabwana wazima mpaka wakaondoka bila kuaga. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Nilichana ukurasa ule. Niliuchana polepole, kando ya uzi, fundi anajua kufumua. Nilifungua mto wa kiti changu hiki ninachokalia sasa, nikauingiza kati ya sponji na kitambaa, nikashona. Uliporudi na maziwa ulinikuta nimekaa. Uliuliza, "Umefika wapi, Baba?" Nikasema, "Nimemaliza. Hakuna sheria kama hiyo."

Ningeishia hapo ningekuwa mwongo wa kawaida. Ulipofika miaka kumi na mitatu, Kijerumani chako kikanipita changu, ukakisoma kijitabu mwenyewe. Ukaniuliza, "Baba, hii kitabu inatoka sita inaenda tisa. Saba na nane iko wapi?" Nilikuwa na nafasi ya kuinuka tu kwenye kiti. Badala yake nikasema, "Labda baba yako mkubwa aliichana, ili tusijue alidanganya."

 Nakumbuka uso wako, jinsi ulivyonionea uchungu. Kisha ukachukua kalamu ya wino mzito ukaandika kwenye kifuniko cha kisanduku, kwa herufi kubwa: ONKEL SCHUMMELT. Anko anadanganya. Nami nilikaa palepale juu ya ukurasa, nikakuambia umeandika vizuri.

Miaka kumi nimeukalia, Nyokabi. Mama yako amebadilisha vitambaa vya makochi yote ya nyumba hii mara mbili, na kila mara nikasema changu niachieni. Leo asubuhi ulipotoka nilifumua mshono. Karatasi imekuwa ya manjano na imejikunja kwa uzito wangu, lakini inasomeka. Iko ndani ya bahasha hii. Maandishi yako ya kifuniko nimeyasugua kwa msasa mpaka mbao ikawa nyeupe. Kisanduku nimekiweka chini ya sweta zako, upande wa kushoto. Mama yako alitaka kukitoa aweke majani chai mengine, tukagombana, nikashinda.

Na bado kuna kosa jingine, ambalo naliona baya kuliko la kuchana. Nilipotaka kujinoa nimshinde Gathogo, niliyekuwa naye wa kujinolea ni wewe. Nilikupiga ubaoni kila siku bila huruma. Raus, raus, raus. Siku moja ulikuwa na miaka kumi, kete zako zote nne nilizirudisha mwanzo katika mchezo mmoja, ukaanza kulia, nami nikakuambia "Pech gehabt." Ulikataa kula githeri siku hiyo. Mimi nisiyeweza kumwambia mama yangu toka, mimi ninayekuita Maitũ, mama yangu, kwa sababu ya jina lake ulilobeba, nilikuambia toka mara elfu. Sikuwa nakufundisha. Nilikuwa nakutumia kama kete, ufike mahali ambapo mimi sifiki. Kwa hilo nasema es tut mir leid, na wa kwanza kuambiwa ni wewe.

Mwezi uliopita nilipoenda Kiriaini kumwambia cucu tarehe ya safari yako, nilimwuliza mwishowe. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimwambia, "Mama, siku ile ya mchezo wa Gathogo, mbona ulinicheka?"

"Ile ludo?" akasema. "Haiya, bado uko na hiyo?"

"Bado niko nayo."

Akachambua kidogo. "Nilikucheka kwa sababu uliniangalia kama mtu anaangalia mgonjwa. Nilikuwa nimekungoja. Nilikuwa nimeona hiyo tatu yako kabla ya wewe, nikasema, sasa Karanja ananipiga, na mimi nitamlipa. Ukaniruka. Ati uliniogopa?"

"Nilikuheshimu."

"Ningekuwa mtoto ungenipiga," akasema. "Uliniona mzee. Nikacheka ndio nisilie." Kisha akanipa beseni nimsaidie.

Nimefikiria maneno hayo mwezi mzima. Sikupatii kama funzo. Nakwambia tu kwamba utakwenda kulaza na kulisha wazee wa watu wengine huko, na wengi watakuwa na dadu mkononi bado.

Sasa unaweza kudhani baba yako ametubu, amekuwa mpole. Bado. Juma lililopita nilimpigia Gathogo habari ya chumba chako. Akasema, "Mlete mtoto, nyumba ni yake." Nikamshukuru. Kabla sijakata simu akauliza, "Na wewe, bado uko na hasira ya ludo?" Halafu akacheka, kicheko kilekile. Nikamwambia hapana. Nilidanganya. Akuanzaye mmalize, na huyu amenianza mara mbili.

Kwa hiyo sikiliza ninavyotaka iwe. Atakuja kukupokea uwanja wa ndege. Nenda naye. Lala kwenye chumba chenye dirisha. Huyo si mwizi wala mwongo. Ana maringo, anacheka vibaya, na amekuandalia kitanda, yote kwa mpigo. Ya ukurasa usimwambie. Hiyo nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, akija. Hata pole yangu usimbebee. Ninayo, nimejifunza kuitamka, lakini kwanza nataka kitu kingine.

Ukishazoea nyumba, Jumapili moja, toa kisanduku. Kabla ya kucheza rudisha ukurasa wa saba mahali pake. Nimekuwekea sindano na uzi mweusi ndani ya bahasha, mishono minne inatosha. Sitaki umshinde kwa kitabu pungufu. Nataka sheria zote ziwepo, mpaka ile iliyoniua mimi. Mwache aanze. Mwache hata anywe chai yake ya rangi. Na kete yake ikikaa mbele yako, Maitũ, usiangalie mvi zake, usikumbuke kitanda, usikumbuke kwamba ni kaka yangu. Mpige. Ni lazima, imeandikwa. Useme "Raus!" kwa sauti aisikie mpaka mifupani. Akibisha, mpe kijitabu, mfungulie ukurasa, mwambie asome.

Ila usicheke. Hilo tu nakuomba kama baba. Kicheko kilinifanyia mimi hivi, na wewe utaishi naye nyumba moja.

Mkimaliza, kabla hajakusanya kete, piga picha. Uso wake siutaki. Nataka kete nyekundu zilizorudi mwanzo. Zikiwa nne nitamshukuru Mungu. Zikiwa mbili nitazipokea. Siku picha ikifika nitafunga karakana niende nayo Kiriaini, hata kama mvua inanyesha. Nitamwonyesha cucu yako, nimweleze nani alimpiga nani na kwa sheria gani, halafu ninyamaze nimwangalie uso. Miaka kumi na mmoja namngoja mwanamke huyo acheke tena, safari hii akiwa upande wangu wa meza.

Nasikia lango. Nywele zimekupendeza, naona kutoka dirishani. Du bist dran.

Babako Karanja,
ambaye amesoma.